Mlima Nao Ni Mzigo

Bumbuli, kwenye milima ya Usambara, trekta halikuja kulima. Mashamba ya huku yamelala kwenye miteremko mikali, yamegawanyika vipande vidogo vya mahindi, maharage, migomba na mboga, na kingo zake nyingi zimeshikwa na mistari ya majani ya gwatemala, urithi wa kampeni za hifadhi ya udongo zilizoshika kasi wilayani Lushoto tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980. Shamba la aina hiyo ni la jembe la mkono. Trekta limepewa kazi nyingine: kukusanya majani mabichi ya chai na kuyafikisha kiwandani kabla hayajapata joto ndani ya magunia, kubeba kuni za kukaushia chai hiyohiyo, kuvuta magogo, kusomba mawe na mchanga, na kuchonga barabara za udongo masika ikishazichimbua.

Kazi zote hizo zinafanana kwa mambo mawili. Mzigo unakaa nyuma, na njia ama inapanda ama inashuka. Ukitoka Soni kwenda Bumbuli, au ukiingia vijia vya mashamba ya chai upande wa Mponde na Herkulu, mahali tambarare utakapopaona ni pa kugeuzia tu.

Ndiyo maana mtu anayeyajua matrekta, akilikuta moja limeegeshwa huku, haanzi kutazama injini. Anainama mbele, chini ya grili, kuangalia vyuma vya uzito. Ni vipande vya chuma cha kusubu, vimepangwa ubavu kwa ubavu, kila kimoja na mshikio wake, vimetundikwa kwenye boriti fupi na kufungwa pamoja kwa bolti ndefu inayovipita vyote. Kimoja kina kilo 25, au 30, au zaidi ya 40, kutegemea aina ya trekta. Asiyevijua hudhani ni bampa. Havizunguki, havivuti, havichomi mafuta, na mwaka mzima havihitaji hata tone la grisi. Kazi yao ni kuwa vizito tu. Lakini kujua viwe vingapi, wapi, na kwa safari ipi, huo ni ustadi unaostahili kutazamwa bila haraka.

Msingi wake haufichi kitu. Trekta limekaa juu ya ekseli mbili, ila likielemewa linazungukia moja, ile ya nyuma. Kila kilo iliyo nyuma ya ekseli hiyo inaiinua pua, na kila kilo iliyo mbele yake inaishusha. Tena kilo hazina sauti sawa: iliyo mbali na ekseli inasikika kuliko iliyo karibu. Mchukuzi wa mzega anayajua haya bila kufundishwa. Ndoo moja ikijaa kuliko mwenzake, anasogeza bega upande wa ndoo nzito mpaka mti utulie. Dereva wa trekta hana nafasi hiyo. Bega lake ni ekseli ya nyuma, nayo haihami, kwa hiyo hana budi kuongeza kwenye ndoo ya pili.

Tuchukue mfano wenye vipimo vya kawaida. Trekta lina kilo 2,800, na likisimama tambarare bila kitu ekseli ya mbele inabeba kama kilo 1,000. Kati ya ekseli na ekseli kuna mita 2.2. Sasa litundikwe kwenye mikono yake ya haidroliki sahani ndefu ya kuchongea barabara, kilo 600, kitovu cha uzito wake kikiwa mita 1.2 nyuma ya ekseli ya nyuma. Zidisha 600 kwa 1.2, gawa kwa 2.2: pua imepungukiwa na kilo 327. Zimebaki takriban 670. Vitabu vya matrekta hutaka walau asilimia 20 ya uzito wa trekta tupu ibaki kwenye magurudumu ya mbele, ili usukani uwe na kitu cha kushika. Kwa trekta hili ni kilo 560. Basi kilo 670 zinatosha, na kwa mujibu wa kitabu dereva awashe aende.

Kitabu lakini kimepiga hesabu yake kwenye sakafu. Peleka trekta lilelile kwenye njia inayopanda mita 1 kwa kila mita 4, jambo lisilomshangaza mtu wa Bumbuli, na uone. Kitovu cha uzito wa trekta kiko, tuseme, mita 0.8 juu ya ardhi. Njia ikiinuka, kitovu hicho kinaegemea nyuma, na mwinuko peke yake unaipokonya pua kilo kama 250. Sahani iliyoinuliwa nayo inadai fungu lake la ziada. Jumlisha yote, na ekseli ya mbele inabaki na chini ya kilo 400. Trekta lililofaulu mtihani uwanjani limeshindwa njiani, na hakuna aliyeongeza mzigo wowote. Aliyeongeza ni mlima.

Hapa ndipo ninapowavulia kofia madereva wa Usambara. Wanauhesabu mlima kama chombo cha pili kilichotundikwa nyuma, chombo kisichofunguliwa hata jioni. Mwenzao wa bondeni, kule Mombo au Korogwe kwenye mashamba ya mkonge, anaweza kufunga vyuma kwa kufuata kitabu na asijutie. Wa milimani anaanza pale kitabu kinapoishia. Katika mfano wetu, vyuma 6 vya kilo 30 vikining'inia mita 0.7 mbele ya ekseli ya mbele vinarudisha pua juu ya kile kiwango cha kilo 560, hata kwenye mwinuko. Ni kilo 180 tu zilizofungwa, ila kwa sababu ziko mbali na ekseli ya nyuma zinakandamiza magurudumu ya mbele kwa zaidi ya kilo 200. Chuma hichohicho kingewekwa chini ya kiti cha dereva kisingefanya kitu.

Sina maana kwamba dereva anakaa na kalamu. Hesabu hii wengi wao wanaifanya kwa mikono. Anapanda na mzigo, gia ya chini, na usukani unamwambia mapema. Kwanza unakuwa laini kuliko kawaida. Kisha kwenye kona trekta linachelewa kuitika, linaendelea kidogo na njia ya zamani kabla ya kukubali mpya. Kisha ukikanyaga jiwe dogo pua inaruka na kuchukua muda kurudi. Madereva husema mbele imekuwa nyepesi. Mzoefu anayajua hayo kwenye dalili ya kwanza, anasimama, anashusha mzigo chini, na kazi inaanza upya kwa spana. Asiyejua anasubiri dalili ya tatu.

Tatizo hili lina umri sawa na trekta dogo lenyewe. Fordson, trekta jepesi la Henry Ford lililoanza kutoka kiwandani kwa wingi mwaka 1917, lilijipatia sifa mbaya ya kuinua pua na kujipindua kinyumenyume juu ya dereva wake pale plau ilipokwama kwenye kisiki. Nguvu ya injini ilipokosa njia ya kulisogeza trekta mbele, ilizungusha mwili wa trekta kwenye ekseli yake. Aliyelitafutia dawa tatizo hilo ni Harry Ferguson, mzaliwa wa County Down huko Ireland. Mwaka 1926 alipata hataza ya mfumo wa kufunga plau kwenye trekta ikisimamiwa na haidroliki, mfumo uliokuja kuwa na mikono mitatu, mmoja wa juu na miwili ya chini. Plau ikivuta udongo, mvuto huo unageuka kuwa uzito unaokandamiza magurudumu ya nyuma, na mkono wa juu unaisukuma pua isiinuke. Trekta lake la TE20, lililotengenezwa Coventry, Uingereza, kuanzia 1946 hadi 1956, halikuzidi sana tani moja na bado lilifanya kazi za matrekta mazito. Yaliundwa zaidi ya 500,000. Mikono mitatu anayoikuta dereva wa leo nyuma ya Massey Ferguson au New Holland imetokana na wazo hilo.

Wazo la Ferguson lina sharti moja ambalo Bumbuli hawawezi kulitimiza mara nyingi. Linafanya kazi chombo kikiwa ndani ya udongo. Huku chombo kinashinda hewani. Sahani ya kuchongea barabara inabebwa kilomita kadhaa kabla ya kugusa ardhi, na kreti ya kubebea mizigo iliyofungwa kwenye mikono haigusi ardhi kabisa. Chombo kikiwa juu, ile akili yote ya mikono mitatu inalala, na kinachobaki ni uzito mtupu uliotundikwa nyuma. Ferguson aliwapunguzia vyuma wanaolima. Wanaobeba aliwaachia kazi yao kama ilivyokuwa.

Na kosa hapa halisubiri. Waliopima ajali za trekta kujipindua kinyumenyume wameonyesha kwamba kuanzia magurudumu ya mbele yanapoondoka ardhini, kuna kama robo tatu ya sekunde kabla ya kufika mahali pasipo na kurudi, na baada ya sekunde moja na nusu trekta limekwisha kulala chali. Hakuna mguu unaowahi klachi kwa muda huo. Sweden ilikuwa nchi ya kwanza kulazimisha kwa sheria, mwaka 1959, matrekta mapya yawe na fremu ya kumkinga dereva, na vifo vikapungua sana kadiri fremu hizo zilivyoenea. Fremu inamkinga dereva wakati trekta limekwisha pinduka. Vyuma vya mbele kazi yao ni ya kabla ya hapo. Ustadi wenyewe ni mgumu kuonekana kwa sababu hiyo: ukifanikiwa, hakuna kilichotokea. Majani yamefika, kuni zimeshushwa, na hakuna mtu aliyejua kwamba kulikuwa na jambo la kuzuiwa.

Pua ni nusu ya habari. Magurudumu ya nyuma nayo yanahitaji uzito, kwa sababu ndiyo yanayoshika ardhi, na udongo mwekundu wa Usambara wakati wa masika unateleza kama sabuni iliyolowa. Huko dawa rahisi kuliko zote ni maji. Lita moja ni kilo moja, na tairi la nyuma la kipimo cha 18.4-30 linapokea zaidi ya lita 300 likijazwa robo tatu. Matairi mawili yanakupa zaidi ya kilo 600 bila kununua chuma chochote. Nchi za baridi huchanganya maji hayo na chumvi ya kalsiamu yasigande. Huku ya mtoni yanatosha.

Ukibahatika kuona kazi hiyo ikifanywa vizuri, kaa uitazame. Trekta linaegeshwa mahali pa usawa chini ya ukingo wa barabara, mawe yanawekwa mbele na nyuma ya magurudumu, jeki inainua upande mmoja mpaka tairi liguse ardhi kwa mbali. Fundi analizungusha mpaka valvu ifike juu kabisa, saa sita. Kisha anafungua kichuma chembamba kilichomo ndani ya valvu, polepole, kichwa kando, kwa kuwa hewa inatoka kwa kishindo na inaweza kukirusha. Juu ya ukingo kuna pipa la maji. Kinachowachosha watu wa bondeni, kutafuta pampu au kuinua pipa kwenye jukwaa, hapa mlima unakifanya bure: mpira unashuka kutoka kwenye pipa hadi kwenye valvu, na maji yanajisukuma yenyewe.

Kinachofuata ni uvumilivu. Maji yakiingia, hewa iliyomo ndani inabanwa na kuanza kuyakataa. Fundi anachomoa mpira, tairi linatoa pumzi ndefu yenye manyunyu, anaurudisha. Anasubiri, anachomoa tena. Anaweka kiganja ubavuni mwa tairi, kwani maji ni baridi kuliko hewa na mkono unapata mpaka wake: hapa pamejaa, hapa bado. Ikifika saa ambayo akichomoa mpira yanarudi maji badala ya pumzi, maji yamefika usawa wa valvu, na hiyo ndiyo robo tatu. Anaacha hapo. Robo iliyobaki ni ya hewa, na fundi mzuri haiingilii, maana maji hayabonyei. Tairi lililojaa maji tupu ni gumu kama gogo; likigonga jiwe, kishindo chote kinaingia kwenye rimu. Anarudisha kichuma chake, anajaza upepo, anapima valvu ikiwa bado juu ili maji yasiingie kwenye kipimo.

Uzuri wa uzito huo ni mahali ulipo. Uko chini, karibu na ardhi, kwa hiyo unashusha kitovu cha uzito na kulifanya trekta liwe gumu kuanguka kiubavu kwenye njia zilizoinama. Tena ekseli haiubebi. Tairi lenyewe linaukabidhi kwa ardhi. Manahodha wa majahazi ya Pangani na Tanga walipotia farumi ya mawe au mchanga chini kabisa ya ngama, walifuata kanuni hiyohiyo, chombo kitupu kisije kikalazwa na upepo. Gharama yake dereva anaijua siku ya pancha. Tairi la maji halibebwi na watu wawili, na fundi wa pancha hulowa mpaka viatuni kabla hajaona tundu lenyewe.

Vyuma vya kiwandani navyo si kila mtu anavyo. Trekta nyingi za mkono wa pili zinafika kijijini zikiwa zimekwisha kuvuliwa, kwa sababu chuma cha kusubu kina bei kwenye chuma chakavu na wanunuzi wengi hawaulizi. Basi mwashi anaitwa. Anatengeneza kisanduku cha mbao chenye upana na urefu wa sentimita 50 na kimo cha sentimita 40, ndani anaweka nondo zilizopindwa na kulabu mbili nene, na anamimina zege. Mita moja ya ujazo ya zege ina kilo kama 2,400. Kisanduku hicho ni sehemu ya kumi yake, kwa hiyo kinatoa jiwe la kilo 240. Linachukua nafasi mara tatu ya chuma, halina uzuri, na kona zake humomonyoka. Lakini limefungwa kwa bolti, halihami, na dereva anajua kilo zake.

Hayo mawili ya mwisho ndiyo yanayotenganisha fundi na mbabaishaji. Utaona pengine magunia ya mchanga yamefungwa kwa kamba juu ya boneti, au pipa la maji lisilojaa, au vijana wawili wamekalishwa pale mbele trekta lipande kilima. Yote yana kilo. Tatizo lake ni kwamba zinahama. Gunia linateleza kwenye kona, maji ya pipa yanakimbilia nyuma hasa pale pua inapoinuka, na kijana anaruka akiogopa, maana yake uzito unaondoka sekunde ileile unapohitajika. Uzito wa kutuliza trekta lazima wenyewe uwe umetulia.

Kuna mambo pia ambayo kilo haziyatibu, na mwenye ustadi hajidanganyi. Mnyororo wa kuvutia gogo ukifungwa juu ya ekseli ya nyuma, kila mvuto unalipindua trekta kinyumenyume, na hata ukitundika vyuma 10 mbele umejiongezea sekunde chache za kujiamini tu. Mahali pa kuvutia ni chini, kwenye mkono wa tela, chini ya usawa wa ekseli. Na chombo kizito kisicho na vyuma vya kukipatanisha, kilima kikiwa kikali, hupandishwa kwa kurudi nyuma, rivasi, ili mzigo utangulie juu na pua ibaki upande wa chini inakoelemea. Inachosha shingo, ni polepole, na watoto wa shule wanaweza kucheka. Ni kanuni ya zamani na inafanya kazi.

Kushuka kuna hesabu yake. Tela la kuni lenye tani kadhaa halivutwi tena, linasukuma. Pedeli mbili za breki zinaunganishwa kwa komeo lake ili gurudumu moja lisishike peke yake na kuligeuza trekta. Gia inachaguliwa juu, kabla ya mteremko, kwa sababu katikati ya mteremko hakuna kuchagua. Na kuachia nyutro kuokoa dizeli ni kuuza trekta kwa bei ya lita moja. Injini ndiyo inayozuia, lakini inazuia kupitia magurudumu ya nyuma, na yakiwa mepesi yanaburuzwa tu. Maji ya ndani ya matairi, yaliyosaidia kushika udongo wakati wa kupanda, yanalipa mara ya pili wakati wa kushuka.

Mtu anaweza kufikiri basi kwamba kilo zikizidi ndiyo salama zaidi. Sivyo. Uzito usiohitajika unapandishwa kila kilima kwa dizeli, unakandamiza udongo, unachosha giaboksi, na vyuma vya mbele vilivyoachwa mwaka mzima vinakula bushi na pini za ekseli ya mbele mpaka usukani unakuwa mzito na kulegea kwa pamoja. Ndiyo maana jicho la mjuzi linarudi chini, kwenye alama za tairi. Trekta likivuta kwenye udongo, alama za meno zikibaki safi na kali kama zimepigwa mhuri, uzito umezidi: tairi halitelezi hata kidogo, na kila kishindo kinaishia kwenye giaboksi. Udongo ukiwa umechanwa wote, alama hazisomeki, uzito ni pungufu. Kinachotakiwa kiko katikati: kingo za alama zimekaa, katikati pamevurugika kidogo.

Anayetaka namba anachora chaki kwenye tairi la nyuma. Trekta likivuta mzigo wake, anatembea kando akihesabu mizunguko 10, anaweka alama ya mwanzo na ya mwisho. Kisha trekta linapita umbali uleule bila mzigo, na anahesabu tena. Likitumia mizunguko 8 na nusu hadi 9, mtelezo uko kwenye asilimia 10 hadi 15, na hakuna cha kugusa. Likifika pungufu ya hapo, linahitaji kilo. Ikikaribia 10, kuna kilo za kupunguza. Chaki, miguu na uangalifu. Maabara nzima hiyo.

Katika kazi yote hii, kinachonivutia zaidi ni kufungua. Kufunga vyuma kunaeleweka, kwa kuwa hofu inasukuma. Kufungua kunahitaji mtu aseme: kazi ya sahani imekwisha, kesho ni majani ya chai, magunia mengi lakini mepesi, tela limeshika chini, basi vyuma vinne vinatosha, viwili vishuke. Kila kimoja kina kilo 30, kinabebwa na mtu mmoja aliyeinama vibaya mwisho wa siku, na utingo hapendi. Dereva asiyefungua jioni hii hatafungua kamwe, na baada ya msimu hakuna atakayekumbuka vyuma hivyo viliwekwa kwa ajili ya nini.

Malipo ya kazi hii hayauoni ustadi huu. Yanahesabiwa kwa tripu na kwa lita, na hakuna tripu wala lita kwenye jambo lililozuiwa. Ningekuwa na trekta Bumbuli, dereva wa kulikabidhi ningemtafuta kwa swali moja: trekta hili linahitaji vyuma vingapi? Atakayetaja namba palepale, hata ikiwa namba nzuri, ningemshukuru na kumwachia aende. Ningemchukua yule atakayeuliza kwanza nyuma kutakuwa na nini, na njia inapitia wapi.